Goma chini ya Nyiragongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila wingu la juu ya Nyiragongo, volkano iliyo kaskazini ya mji wa Goma, linapowaka wekundu usiku, simu za wakazi wa Goma hujaa maswali yale yale kutoka Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na Lubumbashi. Mengi ni ya lava. Si vibaya kuyauliza, ila mwenyeji akikujibu bila kukupamba atakuambia kwamba lava huja mara moja kwa kizazi. Yanayomshughulisha asubuhi hadi jioni ni gesi, maji na jiwe. Kwa hiyo baadhi ya majibu hapa chini ni marefu kuliko muulizaji alivyotarajia, na mengine ni ya mstari mmoja.

Goma iko wapi hasa?

Mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu. Ni makao makuu ya jimbo la Kivu Kaskazini. Upande wa mashariki imeshikana na Gisenyi ya Rwanda kiasi kwamba huko Birere mpaka unapita kati ya nyumba. Ziwa lenyewe liko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu wa pwani aje na sweta. Saa za Goma ni sawa na za Kigali, si za Kinshasa. Kinshasa iko nyuma kwa saa moja.

Wakazi ni wangapi? Kongo haijafanya sensa ya taifa tangu 1984, basi kila tarakimu utakayopewa ni makadirio. Yote huvuka milioni moja.

Volkano inayoitishia Goma ni moja au ni nyingi?

Milima ya Virunga ni minane, na iliyo hai ni miwili: Nyiragongo na Nyamulagira. Nyiragongo, mita 3,470, iko kilomita kama 18 kaskazini ya mji, na mchana usio na mawingu unaiona wazi kutoka karibu kila mtaa. Nyamulagira iko nyuma yake kidogo, upande wa kaskazini-magharibi, fupi na pana, mita 3,058. Hiyo ya pili hulipuka mara nyingi zaidi, lakini lava yake kwa kawaida humwagikia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Ndiyo maana ukisikia "volkano imelipuka Kongo", swali la kwanza liwe: ipi? Watu wamewahi kukesha wakilia ndugu zao kwa sababu ya Nyamulagira, kumbe ndugu wako sokoni wananunua sambaza, samaki wadogo wa ziwani.

Mbona lava ya Nyiragongo inasemwa inakimbia kuliko watu?

Kwa sababu ni nyepesi mno. Lava ikiwa na silika nyingi, yale madini yaliyomo pia kwenye mchanga, huwa nzito kama ugali uliosongwa vizuri. Ya Nyiragongo ina silika kidogo kupita kiasi, inakaribia uji. Kisha ongeza umbo la mlima: pande zake ni mkali, na kreta yake, yaani shimo la kileleni, yenye upana wa zaidi ya kilomita moja kwa miaka mingi imekuwa ikihifadhi ziwa la lava inayochemka juu kabisa. Ni kama ndoo iliyowekwa juu ya paa. Mlima unapopasuka ubavuni, ndoo yote inamwagika kwa pamoja.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tarehe 10 Januari 1977. Ziwa la lava lilikauka kwa muda usiozidi saa moja, na kwenye miteremko ya juu lava ilikadiriwa kwenda kilomita 60 kwa saa. Hapo hakuna mwenye miguu ya kushindana. Lakini lava hupoa na kupunguza mwendo inapofika kwenye tambarare, na kufikia mitaa ya mji mara nyingi inakuwa ya kutembea, hata ya kutambaa. Wote wawili wanasema kweli, anayesimulia kwamba lava "iliruka" na anayesimulia kwamba aliondoa godoro na kuku kabla haijafika. Walikuwa sehemu tofauti za mteremko.

Imelipuka na kufika kwa watu mara ngapi?

Katika kumbukumbu za watu walio hai, mara tatu.

Ya 1977 imeshatajwa. Iliangamiza vijiji vya mitelemkoni, na idadi ya waliokufa inatofautiana sana, kuanzia watu 70 hadi mamia.

Ya tarehe 17 Januari 2002 ndiyo iliyougeuza mji. Nyufa zilifunguka kutoka ubavuni mwa mlima zikashuka hadi kando ya Goma yenyewe, kwa hiyo lava haikuwa na safari ndefu. Ilifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege, ikapasua katikati ya mji, ikala maduka na kanisa kuu la Katoliki, kisha ikaingia ziwani. Kiasi cha asilimia 13 ya mji kilifunikwa. Watu wapatao 120,000 walikosa makazi, na mamia ya maelfu walikimbia, wengi wao kuvuka Gisenyi. Waliokufa walizidi 100, na si wote kwa lava: siku chache baadaye kituo cha mafuta kililipuka watu wakiwa wanachota mafuta kwenye mabaki. Jambo lililowashangaza wageni ni kwamba wakazi walianza kurudi baada ya siku chache tu, wakikanyaga lava ambayo bado ilikuwa ya moto chini ya gamba lake. Wenyeji hawakushangaa. Kambini hakukuwa na chakula, na nyumbani kulikuwa na vitu vya kulinda.

Ya tarehe 22 Mei 2021 ilianza Jumamosi jioni. Anga likawa jekundu, umeme ukakatika sehemu nyingi, na barabara zikajaa watu waliobeba magodoro. Lava ilikata barabara ya Goma kwenda Rutshuru, ikafunika vijiji vya eneo la Nyiragongo, na ikasimama Buhene, ukingoni mwa mji, kabla ya kufika uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha, baadhi katika ajali za magari wakati wa kukimbia, na baadhi kwa gesi walipojaribu kuvuka lava iliyoonekana kama imepoa.

Ila hofu kubwa ya 2021 ilikuja baadaye. Kwa siku kadhaa ardhi ilitetemeka mfululizo, barabara zikapasuka Goma na Gisenyi, na wataalamu wakaona dalili kwamba magma, yaani lava ambayo bado iko chini ya ardhi, imejipenyeza chini ya mji hadi chini ya ziwa. Tarehe 27 Mei mamlaka ziliamuru mitaa 10 kati ya 18 ihame. Mamia ya maelfu waliondoka kwenda Sake, Minova, Rutshuru, Bukavu na Rwanda. Magma haikutoka. Wiki zilizofuata watu wakarudi, na miezi michache baadaye lava ikaonekana tena ndani ya kreta.

Je, mlipuko unaweza kutabiriwa?

Kuna kituo cha uangalizi wa volkano hapo hapo mjini, wenyeji wanakiita OVG. Kinapima mitetemo, gesi, joto na jinsi ardhi inavyovimba, kisha hutangaza hali kwa rangi nne: kijani, njano, rangi ya chungwa na nyekundu. Njano maana yake ni kuwa macho, na Goma imezoea kuishi kwenye njano jinsi miji mingine ilivyozoea kuishi na foleni.

Mwaka 2002 dalili zilikuwepo mapema, mitetemo na nyufa zenye moshi. Mwaka 2021 mlima haukupiga hodi: uchambuzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba ishara za wazi kwenye vipimo zilianza chini ya saa moja kabla ya lava kutoka. Hilo ndilo linalofaa kukumbukwa na kila anayesema "si wangetuambia tu". Kwa mlima ambao tayari una lava juu, inatosha ukuta upasuke.

Na kuna tatizo lingine, la kibinadamu. Vifaa vya kupimia vinahitaji mafuta, intaneti, betri na walinzi, na vimewekwa katika maeneo ambayo makundi ya silaha yamepita kwa miaka mingi. Kifaa kikiibwa, mlima hausubiri kingine kinunuliwe.

Nikiwa Goma siku hiyo, nifanye nini?

Fuata tangazo la OVG na la mamlaka, si sauti iliyotumwa kwenye WhatsApp na mtu asiyejulikana. Mwaka 2021 uvumi ulihamisha watu mara mbili mbili, mara waende mashariki, mara magharibi.

Jua lava inatoka upande gani kabla hujaanza kukimbia. Lava hufuata mabonde kama maji, kwa hiyo kimbia kwa kukata pembeni, usikimbie mbele yake kuelekea ziwani ambako hakuna njia. Mwaka 2002 mkondo uliugawa mji vipande viwili. Aliyekuwa mashariki akaenda Gisenyi, aliyekuwa magharibi akaenda Sake, na kuna familia zilizogawanyika hivyo hivyo. Kubalianeni nyumbani mapema mtakutana wapi. Watoto wadogo waandikiwe jina na namba ya simu ya mzazi kwenye nguo au mkononi. Mwaka 2021 UNICEF ilihesabu watoto zaidi ya 150 waliotenganishwa na familia zao katika vurumai ile.

Chukua vitambulisho, dawa, maji, simu na chaja. Acha jiko la gesi na galoni za petroli. Na ukisharudi, usikate njia juu ya lava mpya hata kama jirani yako amepita salama.

Mazuku ni nini?

Hili ndilo jibu ambalo ningependa kila mgeni alisome kabla ya yote.

Mazuku ni neno la watu wa huku, kwa maana ya upepo mbaya, na wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua lilivyo. Lugha yetu imeingia kwenye vitabu vya volkano kwa njia hiyo ya huzuni. Ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya volkano. Haina rangi. Haina harufu ya kukuonya. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hujilaza kwenye mashimo na mabonde madogo kama maji kwenye bakuli, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Jua likipanda na upepo ukivuma, huchanganyika na kupungua. Ndiyo maana shimo lililoua mbuzi saa kumi na moja alfajiri linaweza kuonekana halina lolote saa sita mchana.

Sehemu zinazojulikana ziko zaidi magharibi ya mji, kuanzia kando ya ziwa hadi njia ya Sake, pande za Mugunga na Bulengo. Kwa bahati mbaya ni huko huko ambako, hadi mwanzoni mwa 2025, wakimbizi wa vita walikuwa wamepewa nafasi ya kujenga vibanda, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na eneo. Mtoto yuko hatarini kuliko mtu mzima kwa sababu pua yake iko karibu na ardhi. Mtu mzima akiinama kuchota maji au akilala chini anakuwa kama mtoto.

Dalili ni wadudu na ndege waliokufa mahali pamoja, moto unaozimika wenyewe, na kizunguzungu kinachokujia mara tu uteremkapo. Ukiona mtu ameanguka shimoni, usiteremke kumbeba peke yako. Wengi waliokufa ni waliokwenda kuokoa. Vuta kwa kamba ukiwa juu. Kitambaa chenye maji puani huzuia majivu, lakini mazuku hakikizuii hata kidogo.

Ni kweli Ziwa Kivu linaweza kulipuka?

Linaweza, na si hadithi ya mitandaoni. Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 485, na maji yake ya chini hayachanganyiki na ya juu. Huko chini, hasa kuanzia mita 260 kwenda chini, kumeyeyuka gesi nyingi ajabu: takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za methani, zikipimwa kama zingekuwa nje ya maji. Uzito wa maji ya juu ndio unaozifungia, kama kifuniko cha soda.

Mfano wa kinachotokea kifuniko kikifunguka upo Kamerun. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos lilitapika wingu la hewa ya ukaa lililoua watu wapatao 1,700 na ng'ombe wao. Nyos ni dimbwi ukililinganisha na Kivu, na pembeni ya Kivu wanaishi mamilioni.

Sasa upande wa pili. Mwaka 2002 lava iliingia ziwani watu wakitazama, na ziwa halikupasuka, kwa sababu haikufika kwenye tabaka lenye gesi nyingi. Tukio la namna hiyo lingehitaji msukumo mkubwa mno kutoka chini. Sehemu inayofuatiliwa kwa jicho la karibu zaidi ni Ghuba la Kabuno, upande wa kaskazini-magharibi, ambako hewa ya ukaa iko karibu sana na uso wa maji.

Na gesi hiyo hiyo inapikiwa. Upande wa Rwanda, kiwanda cha bia cha Gisenyi kilitumia methani ya ziwa tangu miaka ya 1960, na mtambo wa KivuWatt karibu na Karongi unazalisha megawati 26 za umeme. Upande wa Kongo mazungumzo ni mengi.

Naweza kuogelea?

Wenyeji wanaogelea, kufua na kuvua. Uliza kwanza mahali penyewe, kwa sababu ya mazuku ya ufukweni.

Mji uko kando ya ziwa, mbona watu wanahangaika na maji?

Kwa sababu ya jiwe. Mvua ikinyesha juu ya lava inazama moja kwa moja kwenye nyufa, kwa hiyo mto au kijito hukioni mjini. Kuchimba kisima ni kupasua mwamba. Mabomba hayafiki kila mtaa, na hata yanapofika hukauka. Basi ziwa linabebwa mgongoni: asubuhi utaona msururu wa bidoni (madumu) za njano, nyingine juu ya baiskeli, nyingine juu ya chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili, nyingine mgongoni mwa msichana ambaye angepaswa kuwa darasani. Maji ya ziwa yasiyotiwa dawa huleta kipindupindu. Ya mvua karibu na mlima nayo yana ila yake: moshi wa Nyiragongo huyapa asidi na floraidi, na floraidi ikizidi huharibu meno ya watoto, yakawa na madoa ya kahawia.

Jiwe hilo hilo ndilo lililoitesa Goma mwezi Julai 1994. Wakimbizi wa Rwanda karibu milioni moja waliingia kwa siku chache. Choo hakichimbiki kwenye lava, wala kaburi. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu, na maiti zililazwa kando ya barabara kwa kuwa majembe yaligonga mwamba. Watu wazima wa Goma hawapendi kulizungumza sana.

Kwa nini nyumba nyingi ni za mbao?

Nyumba ya mbao ni nyepesi, haihitaji msingi wa kuchimba, na ardhi ikitetemeka haikuangukii kama ya matofali. Wengine huibomoa na kuihamisha kwa chukudu. Mwenye uwezo hujenga kwa mawe meusi ya volkano, yanayopasuliwa kwa nyundo na akina mama na vijana kandokando ya barabara. Kuna mitaa ambayo ghorofa ya kwanza ya zamani sasa ndiyo ya chini, kwa kuwa lava ya 2002 ilimeza iliyokuwa chini.

Chukudu ni nini?

Pikipiki ya mbao isiyo na injini: ubao mrefu, magurudumu mawili, usukani, na mahali pa goti la mwendeshaji. Hubeba mamia ya kilo za viazi, makala (mkaa) au saruji kutoka vijijini. Mji umeipa heshima ya sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara unaoitwa kwa jina lake.

Kwa nini watu hawahami?

Swali hili huulizwa na mtu aliyeko mbali, aghalabu kwa sauti ya kulaumu. Ahamie wapi? Magharibi ni Masisi, kaskazini ni Rutshuru, na kote huko ndiko wengi walikokimbia vita kuja Goma. Tangu mwishoni mwa Januari 2025 mji wenyewe umo mikononi mwa waasi wa M23, waliouteka mara ya kwanza Novemba 2012. Mtu aliyewahi kukimbia bunduki mara nne anaupanga mlima nafasi ya tano.

Halafu kuna riziki. Udongo wa majivu ya zamani unazaa maharagwe na viazi, jibini la Masisi hupitia Goma, na mpaka wa Gisenyi huvukwa kila siku na maelfu ya wachuuzi. Waliopoteza nyumba 2002 walijenga tena juu ya lava ile ile, kwa mawe yake yenyewe, kwenye kiwanja kile kile, kwa sababu hati ya kiwanja haikuungua.

Naweza kupanda Nyiragongo?

Kabla ya mlipuko wa 2021 hifadhi iliwapandisha watalii kutoka Kibati, mwendo wa saa nne hadi sita, wakalala kwenye vibanda vya ukingoni mwa kreta kutazama lava. Kwa hali ya usalama ilivyo, usijaribu, na yeyote anayekuahidi kukupitisha kwa njia za panya anakuuza.

Kiswahili changu kitaeleweka?

Kitaeleweka, nao watakucheka kidogo kwa ufasaha wako. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa Kongo, na cha Goma kina ladha ya Kifaransa. Kisamvu ni sombe, mchicha ni lenga-lenga, mkaa ni makala, dumu ni bidoni, na shukrani ni aksanti.

Penye hatari ya kweli ni siku za juma. Hapa Jumatatu ni siku ya kwanza, Jumanne siku ya pili, na kuendelea hivyo hadi Jumamosi, ambayo ni siku ya posho. Ukiambiwa "tuonane siku ya tatu", usije Jumatatu. Utasubiri peke yako hadi Jumatano.